Baridi ya Mawingu na Baridi ya Nyota



Tukitembelea vikundi vya upande wa juu, kutoka Timau na Kibirichia hadi mashamba ya chai yanayopakana na msitu kule Embu, kuna neno moja tunalisikia kila mwaka: "Viazi vimechomwa na baridi." Tukiuliza ni baridi gani, tunaambiwa baridi ni baridi. Tukiuliza kikundi kilifanya nini, mara nyingi jibu ni kwamba walinunua dawa ya baridi, wakapiga, na haikusaidia kitu.

Hapo ndipo pesa za kikundi zinapotea. Huku kwetu neno "baridi" linabeba mambo mawili yasiyo ndugu. Moja ni ugonjwa, lingine ni hali ya hewa. Ugonjwa una dawa, lakini hali ya hewa haina dawa ya dukani. Ina matayarisho tu. Kikundi kisichoweza kuyatenganisha mambo haya kitanunua dawa wakati haihitajiki, na wakati inahitajika kitakaa kikilaumu hewa. Kwa hiyo katika toleo hili tunaeleza tofauti yake, halafu tunaeleza yale ambayo kikundi kinaweza kufanya.

BARIDI MBILI, JINA MOJA

Baridi ya kwanza ni ile ya mwezi wa sita, wa saba na wa nane, majira ambayo wazee wengi huyaita gathano. Upepo wenye unyevu unakuja kutoka upande wa bahari, unapanda mlima, na mawingu yanashuka mpaka juu ya paa. Jua halionekani siku nyingi. Mchana ni baridi, usiku ni baridi, na majani hayakauki. Tuiite baridi ya mawingu.

Baridi hii yenyewe haiunguzi viazi. Kinachoviunguza ni ukungu wa viazi unaopenda hali hiyo ya ubaridi na majani mabichi. Ni ugonjwa ule ule ulioingia Ireland mwaka 1845 ukaharibu viazi vya nchi nzima, na katika njaa iliyofuata watu karibu milioni moja walikufa. Wakulima wetu huuita baridi, na ile dawa ya kuuzuia huitwa dawa ya baridi. Jina limezoeleka, wala hatuwezi kulifuta. Lakini tujue kwamba dawa hiyo ni ya ukungu.

Baridi ya pili inakuja wakati ambao watu hawaitarajii: kuanzia Desemba, na hasa Januari na Februari, mpaka karibu mvua za Machi. Mchana jua ni kali na mbingu ni safi. Usiku nyota zinaonekana zote. Alfajiri nyasi ni nyeupe kama zimenyunyiziwa chumvi, na jua likipanda majani ya viazi yanageuka meusi. Tuiite baridi ya nyota. Vitabuni huitwa jalidi au sakitu, na wengine kwetu huiita mbaa. Sisi hapa tutasema jalidi.

Utazitambua namna hii. Ukungu huanza na madoa ya kahawia kwenye majani machache, mara nyingi mahali pamoja shambani, halafu huenea siku baada ya siku. Ukigeuza jani asubuhi yenye unyevu utaona utando mweupe kandokando ya doa. Shamba likishikwa sana hutoa harufu mbaya, na viazi vyenyewe vinaweza kuoza ardhini.

Jalidi haienei. Inapiga usiku mmoja. Jioni shamba lilikuwa zima, asubuhi limelegea kama mboga iliyomwagiwa maji moto, na kufika mchana ni jeusi. Majani ya juu ndiyo huumia zaidi, na yaliyofichwa chini hupona. Mimea iliyo chini ya mti huponea. Mara nyingi utaona hata mpaka wake: bondeni kumeungua, hatua chache kupanda juu hakuna kitu.

Mkiona hayo ya pili, wekeni pesa zenu mfukoni. Dawa ya ukungu haiponyi jani lililoganda.

JALIDI INATOKA WAPI

Watu wengi hufikiri jalidi inaanguka kutoka juu kama mvua, au inapeperushwa kutoka kwenye theluji ya Mlima Kenya. Sivyo. Jalidi inatengenezwa pale pale shambani.

Mchana ardhi inapokea joto la jua. Usiku inalitoa, kama sufuria iliyoepuliwa motoni. Kama kuna mawingu, yanakuwa kama kifuniko. Sehemu kubwa ya joto inarudishwa chini. Kama hakuna mawingu, joto linaenda zake juu na ardhi inapoa haraka. Ndiyo maana tunasema Julai yenye mawingu haina jalidi, na Januari yenye jua kali inayo.

Mambo mawili mengine yanaongeza hatari. La kwanza ni utulivu wa hewa. Upepo ukivuma unachanganya hewa baridi ya chini na hewa yenye joto kidogo iliyo juu yake. Ndiyo, usiku kama huo hewa ya juu ya miti huwa na joto kuliko ile ya kwenye nyasi. Upepo ukilala, hewa baridi inabaki imekaa juu ya mimea. La pili ni ukavu. Hewa yenye unyevu ikipoa hutoa umande, na umande unapotokea huachilia joto kidogo ambalo hupunguza kasi ya kupoa. Hewa kavu haina breki hiyo.

Jani likipoa mpaka nyuzi 0 na kupita, maji yaliyo ndani yake yanaanza kuganda. Barafu inaharibu seli za jani, na jua likitoka jani linanyauka. Saa mbaya kabisa ni kama saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi jua linapochomoza.

Jambo moja limewachanganya watu wengi. Redio inaweza kusema usiku ulikuwa nyuzi 3 au 4, na bado viazi vikaganda. Redio haikudanganya. Kipimajoto cha watu wa hali ya hewa huwekwa ndani ya kisanduku, juu ya ardhi kimo cha kifua cha mtu hivi. Usiku wa nyota, pale chini kwenye nyasi huwa na baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa. Jani la kiazi haliishi kisandukuni.

KWA NINI TIMAU NA SI MBEERE

Mstari wa ikweta unapita karibu na mji wa Meru, na wageni hushangaa kwamba kwetu kuna jalidi. Sababu ya kwanza ni kimo. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapungua joto kwa karibu nyuzi 6. Tuseme alfajiri ya Januari mahali penye mita 1,500, kama karibu na mji wa Embu, ni nyuzi 13. Kwenye mita 2,500, kimo peke yake kinakuleta nyuzi 7 hivi. Hizo zilizobaki kufika 0 zinaliwa na usiku mweupe usio na upepo. Kwa hiyo wenzetu wa Mbeere na Tharaka wasipoteze usingizi. Mimea yao ikikauka watafute sababu nyingine, kama vile ukame au wadudu.

Sababu ya pili ni upande wa mlima. Pande za mashariki na kusini-mashariki, penye chai ya Imenti na ya Embu, hupata mawingu na unyevu mwingi. Upande wa kaskazini, Timau na sehemu za juu za Buuri, mlima unazuia mvua. Hewa ni kavu na mbingu ni wazi. Mashamba mawili yanaweza kuwa kimo kimoja, moja likapigwa mara kwa mara na lingine likakaa miaka bila kuona jalidi.

Lakini wakulima wa chai wasijisahau. Mwezi wa Januari 2012 jalidi iliunguza chai Kericho na Nandi, sehemu zinazojulikana kwa mvua nyingi. Zilikuwa ni siku za kiangazi, usiku mkavu na mtulivu. Mahali pa mvua pia panaweza kuwa na juma moja la hatari.

Wengine hutuuliza: dunia inapata joto, barafu ya Mlima Kenya inazidi kuisha, je, jalidi nayo haitakwisha? Ni kweli joto la wastani limepanda. Lakini mmea hauuliwi na wastani. Unauliwa na usiku mmoja, na usiku mmoja mkavu bila mawingu bado unaweza kuja.

BARIDI INATIRIRIKA KAMA MAJI

Kama mtashika jambo moja tu katika makala haya, tunaomba liwe hili. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Usiku usio na upepo hushuka mteremko polepole kama uji uliomwagika, na ikifika bondeni inajaa na kutulia. Ndiyo maana shamba la bonde, lile lenye udongo mzuri ambalo kila mtu analitamani, ndilo la kwanza kuungua.

Na kama vile maji huzuiwa na ukuta, hewa baridi huzuiwa na ua. Ua mnene uliopandwa kukata mteremko unakuwa bwawa la baridi. Mimea iliyo upande wa juu wake inaungua. Fungueni nafasi upande wa chini wa ua, au punguzeni matawi ya chini, ili baridi ipite iende zake.

Mnaweza kujua mifuko ya baridi iliyo katika shamba lenu bila kutumia pesa. Chukueni sahani tano au sita zinazofanana. Usiku mkavu wa Januari, tandikeni nyasi kavu chini, mweke sahani juu yake, na katika kila moja tieni maji kidogo, yafunike tu sehemu ya chini. Moja iwe bondeni, nyingine katikati ya mteremko, nyingine juu, nyingine karibu na ua, nyingine chini ya mti. Saa kumi na mbili alfajiri zitazameni kabla jua halijafika. Palipoganda pana hatari. Rudieni siku tatu nne, halafu mchore ramani ya shamba kwenye daftari la kikundi. Hiyo ramani itawasaidia miaka mingi.

Kama kikundi kina uwezo, nunueni kipimajoto kimoja. Kikae shambani kwenye kimo cha majani, mahali pa chini kabisa. Mtu mmoja kwa zamu akisome alfajiri na kuandika.

KABLA YA MSIMU

1. Chagueni mahali. Mimea laini, yaani viazi, maharagwe, mahindi na nyanya, iwe mteremkoni. Bondeni wekeni inayovumilia: kabeji, sukuma wiki, vitunguu, karoti. Ngano na shayiri huvumilia zikiwa changa, lakini zikipigwa wakati wa kutoa maua masuke hubaki matupu.

2. Pangeni tarehe. Viazi vinavyokomaa kwa miezi mitatu, vikipandwa mvua ya kwanza ya Oktoba, vinakuwa karibu tayari Januari ikianza. Vikipandwa mwisho wa Novemba, jalidi inavikuta na maua. Kuchelewa majuma sita kunaweza kuwa tofauti ya kupata na kukosa. Wale wanaopanda viazi vya kunyunyizia maji wakati wa kiangazi ndio walio hatarini zaidi, na ndio waliotumia pesa nyingi zaidi.

3. Inulieni viazi udongo. Kiazi kilicho ndani ya tuta nene hakifikiwi na jalidi hata majani yakifa.

4. Pandeni miti. Mikima iliyotawanyika shambani inafanya kazi ya wingu dogo. Joto linalopanda kutoka ardhini linazuiwa kidogo na matawi. Miche ya kahawa, miche ya parachichi na kitalu cha chai vikae chini ya kivuli hicho.

5. Msiweke yai lote kwenye kikapu kimoja. Kama kikundi kimekodi ekari mbili kwa mkopo, isiwe bonde lote. Mkopo unadaiwa hata kama shamba limeungua. Tumeona vikundi vikivunjika si kwa sababu ya jalidi bali kwa sababu ya ugomvi uliofuata: nani alichagua bonde, nani atalipa. Jambo hilo lijadiliwe na kuandikwa kabla ya kupanda.

DALILI ZA JIONI

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina ofisi katika kaunti zetu, na maonyo hutolewa kupitia redio za lugha zetu pia. Kituo cha RCMRD kilichoko Kasarani, Nairobi, nacho kimetengeneza ramani za jalidi kwa picha za setilaiti. Hayo yote ni mazuri, mwenyekiti ayafuatilie. Lakini redio haijui bonde lenu. Jioni, kama saa kumi na mbili na nusu, tokeni nje mjiulize maswali haya matano:

— Mchana kulikuwa na jua kali na hewa kavu?
— Mbingu ni wazi kabisa, hakuna hata wingu la kuaga jua?
— Upepo umelala, moshi wa jikoni unapanda wima?
— Baridi imeanza kuuma mapema kuliko jana?
— Jana alfajiri hakukuwa na umande, au ulikuwa mdogo sana?

Mkijibu ndiyo kwa yote matano, chukulieni kwamba usiku huo kuna hatari. Kikundi kiwe na mtu wa zamu wa kuwapigia wengine simu. Kinachochosha si kazi, ni kuamka kila usiku bila sababu. Maswali haya yanawaonyesha usiku wa kuamka na usiku wa kulala.

NINI KINASAIDIA USIKU WENYEWE

Maji ardhini. Hapa tujifunze kwa wenzetu wa mbali. Kule Marekani, ufuoni mwa Ziwa Michigan, wakulima wamepanda matunda kwa miaka mingi kwa sababu ziwa linawalinda. Maji yanashika joto kwa muda mrefu na kulitoa polepole, kwa hiyo jalidi ya mwanzo wa majira ya baridi huchelewa kufika karibu na ziwa. Sisi huku juu hatuna ziwa, lakini udongo wenye maji unafanya kazi ile ile kwa kiasi kidogo. Udongo mbichi uliogandamana unashika joto la mchana kuliko udongo mkavu uliolimwa juzi. Kwa hiyo mkiona dalili, nyunyizeni maji ardhini asubuhi au mchana, jua liupashe udongo joto. Na msilime wala kupalilia katika siku hizo za hatari.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Huwa tunawaambia mtandaze nyasi shambani wakati wa kiangazi, na ni ushauri mzuri. Lakini nyasi zilizotandazwa hulifungia joto ndani ya udongo, lisifike kwenye majani. Kwa mimea mifupi iliyo kwenye mfuko wa baridi, vuteni nyasi kando majuma ya hatari, mzirudishe baadaye. Mteremkoni ziacheni.

Kufunika. Kwa kitalu na bustani ndogo hii ndiyo njia ya uhakika zaidi. Simikeni vijiti, mfunike kwa magunia, majani ya migomba au mikeka ya nyasi kabla jua halijatua, wakati joto bado liko. Kifuniko kifike chini kando zote na kisiguse majani. Karatasi ya nailoni ikigusa jani, jani litaganda hapo hapo. Asubuhi jua likishapanda funueni.

Kunyunyizia majani. Mashamba makubwa yana mitambo inayonyunyiza usiku kucha, kwa sababu maji yanapoganda juu ya jani huachilia joto kidogo. Lakini ni lazima yaendelee bila kukatika mpaka barafu iyeyuke kwa jua. Mkianza saa tisa usiku na tangi likaisha saa kumi na moja, mtakuwa mmeongeza hasara. Kikundi kisicho na maji ya kutosha kisianze.

Moshi. Wengi huamini kwamba ukichoma takataka mbichi, moshi utafunika shamba kama wingu. Kwa kweli moshi hauzuii joto kutoroka. Unatuumiza macho tu. Kinachosaidia kidogo ni joto la moto wenyewe, tena mioto mingi midogo. Moto mmoja mkubwa unapandisha hewa ya joto juu na kuvuta hewa baridi iingie kutoka pembeni. Tena hiyo ni miezi ya kiangazi, na mashamba yetu yanapakana na msitu. Cheche moja inaweza kuleta msiba kuliko jalidi. Hatushauri moto.

BAADA YA JALIDI

Asubuhi ile mkulima anataka kushika panga. Ngojeni kwanza. Mmea uliopigwa unaonekana umekufa hata kama haujafa.

Viazi vichanga: msiving'oe. Ngojeni siku 7 hadi 10. Vingi huchipuka tena kutoka chini, ingawa mavuno yatapungua. Viazi vilivyokaribia kukomaa: viacheni ardhini kama majuma mawili ngozi ikomae, halafu mchimbue. Viazi hivyo vinalika na kuuzika. Msivichimbue kwa hofu siku hiyo hiyo na kumwuzia dalali kwa bei ya kutupa. Dalali anajua mmeogopa.

Chai: majani yaliyoungua msiyapeleke kiwandani, yatakataliwa na kuharibu jina la kituo chenu cha kununulia. Msikimbilie kukata kichaka. Ngojeni mpaka macho mapya yaonekane, hapo mtajua ni tawi gani limekufa na ni lipi lililo hai, na mtamwuliza afisa wa kiwanda kabla ya kukata.

Lishe ya ng'ombe: mtama na majani ya jamii yake yaliyopigwa na jalidi yanaweza kutengeneza sumu kali inayoua ng'ombe kwa muda mfupi. Msiwakatie. Ngojeni angalau juma zima mpaka yakauke kabisa, na machipukizi mapya yanayofuata nayo msiwape yakiwa mafupi.

Na mwandike. Tarehe, sehemu iliyoungua, mmea gani, ulikuwa na umri gani. Bila maandishi kila mwaka unakuwa kama wa kwanza, na hata watu wa bima ya mazao au mkopo wakija hamna cha kuwaonyesha.

NA NYUMBANI PIA

Baridi ile ile inayoingia shambani inaingia nyumbani, iwe ya mawingu au ya nyota. Watu hufunga madirisha, huziba mianya kwa magunia, na kulala na jiko la makaa ndani ya chumba. Tafadhali, msifanye hivyo. Makaa yanatoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala hasikii, haamki. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana yamezimika. Ongezeni blanketi, watoto walale pamoja na mama, wazee wapewe uji moto. Mtoto anayepumua kwa haraka au ambaye mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi apelekwe hospitali usiku ule ule. Hiyo inaweza kuwa nimonia, wala haingoji kupambazuke.

Ndama nao walale mahali pakavu penye matandiko ya nyasi, pasipopitwa na upepo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Mara ya mwisho tuliposema "viazi vimechomwa na baridi", je, ilikuwa jalidi au ukungu? Tunajuaje?
2. Ni pesa ngapi tulitumia kwa dawa wakati huo? Ilisaidia?
3. Ni sehemu gani za mashamba yetu zinaungua kwanza? Je, kuna ua unaozuia baridi isipite?
4. Tutapanda tarehe gani msimu ujao wa vuli, na wapi?
5. Shamba la kikundi likiungua, mkopo utalipwa namna gani? Tumeandika?
6. Ni nani atakayeangalia mbingu jioni kwa zamu, na atawajulisha wengine vipi?

Tunapendekeza mkutano mmoja uwekwe kwa maswali haya kabla mvua za Oktoba hazijaanza, yaani kabla mbegu haijanunuliwa. Katibu aandike majibu. Januari ikifika, wekeni zile sahani za maji, na mkituona njiani mtuambie ziliganda wapi.